Vionjo vya Kahawa na Namna ya Kuvipima

Kionjo ni ladha ndogo inayosikika chini ya ladha kuu. Wimbo wa dansi unaweza kuwa na vionjo vya taarab na ukabaki dansi. Vivyo hivyo kahawa huweza kuwa na kionjo cha ndimu bila kutiwa hata tone la ndimu. Neno hili halihusu uchungu wala harufu ya kuungua, ambazo mara nyingi hutokana na kukaangwa kupita kiasi.

Vionjo huanzia shambani. Arabika ya maeneo ya juu, kama miteremko ya Kilimanjaro, huiva polepole, na punje zake huwa ngumu na zenye uchachu mwanana. Mbegu ya SL28, iliyochaguliwa nchini Kenya miaka ya 1930, inasifika kwa uchachu mkali wa matunda. Robusta ya Kagera huwa nzito mdomoni na huelekea zaidi kwenye karanga na kakao. Usindikaji nao una nafasi yake: kahawa iliyomenywa, ikavundikwa na kuoshwa hutoa ladha safi, ilhali iliyoanikwa na ganda lake hubeba utamu wa matunda makavu.

Waonjaji hukaanga sampuli kiasi, wakasaga gramu 8.25 kwa kila mililita 150 za maji yenye joto la nyuzi 93 hivi. Sampuli moja huandaliwa vikombe vitano. Baada ya dakika nne hivi, utando wa unga uliotanda juu hupasuliwa kwa mgongo wa kijiko huku pua ikiwa karibu kabisa na kikombe, kwani mvuke wa kwanza ndio wenye harufu nyingi. Povu huondolewa. Kahawa ikipoa kidogo, huvutwa kwa mkupuo wenye sauti, ili itapakae ulimi mzima na harufu yake ipande puani kwa ndani.

Kionjo cha kweli kina sifa tatu. Kwanza, hudumu: joto kali huficha mengi, hivyo kahawa bora huzidi kujieleza inapopoa, ilhali kahawa dhaifu hubaki na uchungu mtupu. Pili, hujirudia katika vikombe vyote vitano. Kikisikika katika kimoja tu, huenda ni punje mbovu iliyopenya. Tatu, hutajika: mwonjaji huanza na "tunda", akafika kwenye "jamii ya machungwa", na hatimaye "balungi". Asipoweza kuvuka "tunda", huandika hivyo hivyo.

Si kila ladha ngeni ni kionjo. Harufu ya siki huonyesha kahawa iliyovundikwa kupita kiasi. Ladha ya kiazi kibichi, inayojulikana sana Rwanda na Burundi, huhusishwa na mdudu antestia anayefyonza matunda. Harufu ya gunia au ukungu hutokana na ghala baya. Zote hizo ni kasoro, na hupunguza alama.

Katika taarifa ya uonjaji, utamu, uchachu na uzito hutangulia, kisha viwili au vitatu kati ya vionjo vilivyothibitika. Kahawa ikipata alama 80 au zaidi kati ya 100 huhesabiwa kuwa kahawa maalumu. Wingi wa vionjo hauiongezei hadhi. Kinachopimwa ni usafi wa vionjo hivyo na jinsi vinavyopatana na utamu na uchachu wa kikombe chenyewe.