Neno "Itaendelea"

Sidhani kama kuna neno dogo lililobeba ahadi kubwa kama neno "itaendelea" linapochapwa pembeni, chini ya ukurasa wa mwisho wa hadithi ya picha. Mhariri anayeliruhusu hapo anamwambia msomaji: nipe fedha yako leo, na ya toleo lijalo iweke kando, nami nitakuletea yaliyobaki. Msomaji hapewi stakabadhi wala hana shahidi. Mimi nilianza kusoma hadithi za namna hii nikiwa kijana wa sekondari mwishoni mwa miaka ya 1960, nikaendelea nazo nilipokuwa mwalimu, kisha mkuu wa chuo cha ualimu, na sasa nazisoma nikiwa mstaafu huku Mbweni. Nimeona wachoraji hodari wakiharibiwa kazi na wahariri wasiojali, na wachoraji wa kawaida wakiokolewa na wahariri wenye busara, na mara nyingi tofauti ilikuwa katika neno hilo moja.

Wako watu wa heshima watakaoshangaa mzee mzima kupoteza wino kwa ajili ya katuni. Kwao malalamiko ya msomaji wa katuni ni kilio cha mtoto aliyenyang'anywa pipi. Sikubaliani nao. Anayenunua riwaya ananunua kitu kilichokwisha. Akichukia mwisho wake ataifunga na kuiweka rafuni. Anayenunua hadithi ya vipande ananunua kitu ambacho bado hakijatungwa. Anamkopesha mhariri imani yake kidogo kidogo, wakati mwingine kwa miaka ishirini. Mdai huyo ana haki ya kuuliza habari za mali yake.

Kwa rika langu shujaa wa kwanza alikuwa Spear. Lance Spearman, kwa jina lake kamili, alikuwa mpelelezi katika jarida la African Film lililotolewa na kampuni ya Drum. Hadithi zake hazikuchorwa. Walipigwa picha watu halisi na maneno yakapachikwa juu ya picha. Alivaa kofia na tai ya kipepeo, akapambana na majambazi na wataalamu waovu, na alikuwa Mwafrika kuanzia utosini hadi kisiginoni. Kwetu sisi tuliozoea mashujaa weupe wa sinema, hilo pekee lilitosha kutufanya tuchangiane senti ili nakala moja izunguke bweni zima. Aliyeigiza aliitwa Jore Mkwanazi. Sisi tulibishana kama anaishi Nairobi au Lagos. Baadaye sana ndipo wengi wetu tulipojua kwamba mwenye kampuni ya Drum, Jim Bailey, alikuwa mzungu wa Afrika Kusini, na kwamba shujaa wetu wa Afrika huru alikuwa akitengenezwa kusini mwa bara, penye kivuli cha ubaguzi wa rangi. Hatukuona mahali popote katika jarida tulipoelezwa hayo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Spear akatoweka. Huku kwetu hatukupata habari kama amekufa, ameoa au amepumzika; tulikwenda dukani na hakuwapo. Faraji Katalambulla, ambaye riwaya yake ya Simu ya Kifo ilikuwa imetoka mwaka 1965, alishika njia hiyo hiyo ya picha kwa Kiswahili katika Film Tanzania, na nafurahi kwamba alifanya hivyo. Hata hivyo Spear hakuagwa, na nimewahi kukaa na wazee wenzangu barazani tukabuni wenyewe namna alivyokufa, kila mmoja kwa ladha yake.

Sani ni habari nyingine. Katika miaka ya 1980 hapakuwa na jarida lililosomwa chuoni kwetu kama hilo, nikihesabu na yale ambayo wizara ilitutaka tuyasome. Jina lake lilitokana na waanzilishi wawili, Saidi Bawji na Nico ye Mbajo. Ilikuwa miaka ya shida ya kila kitu, karatasi ikiwemo, na toleo likichelewa wanachuo walimsubiri aliyetumwa mjini kana kwamba ameahidi kuja na sukari. Usiku mmoja alisoma kwa sauti karibu na koroboi na wengine wakamzunguka kutazama picha kwa zamu. Kilichowavuta kilikuwa watu wa Philip Ndunguru: Madenge, Lodi Lofa, Ndumilakuwili, Komredi Kipepe. Mistari ya kijana huyo ilikuwa na mwendo. Mtu wake akikimbia unaliona vumbi, na akisema uongo unaujua uongo huo kwa mabega yake kabla hujasoma maneno.

Ndunguru alifariki mwaka 1986, kijana bado. Hapo jarida lilifika mahali ambapo kila mhariri wa kazi hizi huogopa kufika: mhusika yu hai na mkono uliomzaa haupo. Njia ni mbili tu, kumzika mhusika pamoja na mchoraji wake, au kumpa mchoraji mwingine. Sani lilichagua ya pili, nami naona lilichagua vema. Madenge na wenzake walikwisha kuwa mali ya watu. Mtoto mtundu mtaani aliitwa Madenge na watu wasiomjua Ndunguru. Lakini wanachuo wangu waliutambua mkono mpya kwa upesi ule ule ambao mtu hutambua chai iliyopikwa na mpishi mgeni. Walinung'unika. Kisha wakaendelea kunywa. Nimelifikiri sana jambo hili, maana kwingine wasomaji walichukizwa na mabadiliko madogo kuliko hayo na hawakusamehe. Wa Sani walisamehe kwa sababu waliielewa sababu: kifo hakimwombi mhariri ruhusa. Msomaji huvumilia hasara ikiwa anaona imetoka wapi.

Asichovumilia ni ukimya. Kuna jarida moja, nalihifadhi jina lake, lililokuwa likitoa hadithi ya askari mmoja wa mpakani, kazi nzuri kabisa, iliyofika mahali ambapo askari amening'inia kwenye daraja lililokatwa upande mmoja. Itaendelea, wakaandika. Toleo lililofuata, ukurasa ule ule ulikuwa na hadithi mpya ya kijana wa mjini na wapenzi wake wawili. Nilimwandikia mhariri barua ya adabu, nikaweka na stempu ya majibu. Sikujibiwa. Kama angeniambia mchoraji amehama, au ameumwa, au hakulipwa, ningemwelewa. Askari yule yuko darajani mpaka leo.

Mjukuu wangu, aliye chuo kikuu, ndiye aliyenifundisha kwamba wakubwa wa Marekani hawatuzidi katika jambo hili. Alinipa rundo la majarida ya Spider-Man ya kampuni ya Marvel, akanionya kwa kicheko: "Babu, humo utamwona mtu aliyeachishwa mke kwa uchawi." Nilidhani anatia chumvi.

Spider-Man alitokea mara ya kwanza mwaka 1962 akiwa mwanafunzi aitwaye Peter Parker. Angeweza kubaki mwanafunzi milele, kama Madenge. Madenge hakukua, na sikumsikia msomaji akilalamika, kwa sababu hatukuahidiwa kwamba atakua. Peter, kinyume chake, aliruhusiwa kukua. Alimaliza sekondari mwaka 1965, chuo akakimaliza mwaka 1978, na mwaka 1987 akamwoa Mary Jane, harusi iliyochezwa hata mbele ya watu katika uwanja wa michezo mjini New York, mtunzi wake Stan Lee akiwa mfungishaji. Kila hatua ilikuwa ahadi kwa msomaji: wewe unakua, naye anakua.

Mwaka 2007 mhariri mkuu Joe Quesada aliona kwamba ndoa ile inambana shujaa na kumzeesha. Hoja hiyo siipuuzi. Mhariri hana budi kumfikiria mtoto wa miaka kumi na miwili ambaye bado hajanunua nakala yake ya kwanza, na mtoto huyo hana hamu ya ugomvi wa kodi ya nyumba. Lakini talaka nayo, aliona, ingemzeesha zaidi, na ujane pia. Basi katika hadithi ya One More Day, ambayo Quesada aliichora mwenyewe, May aliyemlea Peter anapigwa risasi, na ili asife Peter na Mary Jane wanakubaliana na shetani Mephisto awachukulie ndoa yao. Wanaamka asubuhi na ndoa haijapata kuwako. Mtunzi, J. Michael Straczynski, ambaye alikuwa ameiandika Spider-Man tangu 2001, alisema hadharani kwamba alitaka jina lake liondolewe kwenye sehemu mbili za mwisho.

Nimeisoma mara mbili ili nisimwonee mtu. Mwanzo wake una nguvu. May ni mke wa Ben, kaka yake baba wa Peter, kwa hiyo kwa hesabu yetu ni mama mkubwa, na hapana Mswahili atakayehitaji kuelezwa kwa nini mtu avunje milango yote kumwokoa mama mkubwa aliyemlea. Kurasa ambazo Peter anahangaika kutafuta msaada zinasomeka kwa uchungu. Kosa ni pale uchungu unapogeuzwa kuwa chombo cha ofisi. Bibi kikongwe anayempenda kijana wake angemkataza biashara hiyo kwa sauti yake ya mwisho. Kila msomaji anayemjua May analijua hilo, na mhariri naye analijua. Hadithi inamhitaji mtu atende kinyume cha tabia yake ili mpango wa mezani utimie, na msomaji anaona mkono wa mhariri ukitokeza kwenye pazia. Tena ndoa yenyewe haikuvunjwa, ilifutwa. Kwetu hata ndoa iliyovunjika ina watu waliokula pilau yake. Wasomaji wa 1987 waliila pilau hiyo kwa fedha zao, na miaka ishirini baadaye wakaambiwa hapakuwa na harusi.

Watu wakasema: basi wasomaji waulizwe. Waliulizwa mara moja. Mwaka 1988 kampuni ya DC, chini ya mhariri Dennis O'Neil, ilimweka Jason Todd, kijana msaidizi wa Batman, katika jengo lililolipuliwa, ikatoa namba mbili za simu, moja ya kumponya na moja ya kumwua. Kura 5,343 zilitaka afe, 5,271 apone. Tofauti ni kura 72. Kijana akafa, na lawama zikamwangukia O'Neil vile vile. Nami naona zilimstahili. Nimekaa katika vikao vingi vya nidhamu. Mkuu wa chuo anaweza kumsikiliza kila mtu, walimu, wanachuo, hata mpishi, lakini hawezi kuwapanga watu paredi wanyoshe mikono juu ya kufukuzwa kwa mwenzao kisha aseme, mimi sikuamua. Kumwuliza msomaji anaumwa wapi ni uongozi. Kumpa kisu ni kukimbia kiti. Mwaka 2005 DC walimrudisha Jason akiwa hai, na simu zile 5,343 zikawa hazina kazi.

Ninawaza Sani lingefanyaje kama lingekuwa na simu hizo. Wanachuo wangu wangempigia kura Ndumilakuwili afungwe kila mwezi, na kila mwezi wangemtafuta tena.

Siku hizi mjukuu wangu anasoma Ultimate Spider-Man, lililoanza Januari 2024, limeandikwa na Jonathan Hickman na picha nyingi ni za Marco Checchetto. Humo Peter ni mtu mzima, mume wa Mary Jane, baba wa watoto wawili. Toleo la kwanza liligombewa hata likachapwa tena na tena. Ni kazi nzuri: mazungumzo ya mezani yana joto, na mume anayemficha mkewe jambo kubwa anasomeka kama mtu wa nyumba ya jirani. Lakini kampuni iliiweka familia hiyo katika ulimwengu mwingine, kando, na Peter yule wa 1962 ikamwacha alivyo. Wasomaji waliodai mwaka 2007 wamelipwa na kampuni ile ile, kwa fedha ya mfuko mwingine, bila mtu kutamka kwamba lilikuwa deni. Mjukuu wangu haoni tatizo. Alikuwa mdogo mno wakati ule, na ananunua kila toleo analolipata.

Mimi nimemwomba aniachie nakala zake. Nimefika la sita.