Nafasi ya Hori: Uteuzi wa Vitabu vya Picha vya Krismasi na Shukrani kwa Watoto wa Kitengela na Kajiado

1.0 Utangulizi

Uhakiki wa fasihi ya watoto nchini Kenya aghalabu umejishughulisha na maneno kuliko picha. Asenath Bole Odaga, katika Literature for Children and Young People in Kenya (1985), aliiweka fasihi hii mbele ya wanataaluma kama uwanja unaostahili utafiti wa dhati. Hata hivyo, kitabu cha picha cha kidini kimeendelea kuachiwa mapadri, walimu wa shule ya Jumapili na wazazi, kana kwamba kumteulia mtoto kitabu cha Krismasi ni jambo la imani tupu lisilohusu uhakiki. Makala haya yanashikilia kinyume cha hayo. Mtoto asiyejua kusoma huipokea hadithi ya Injili kwanza kutoka kwa msawiri. Anayemteulia kitabu, basi, amemteulia pia mfasiri.

Kitengela na Kajiado zinalitia swali hili uzito wa pekee. Idadi ya wakazi wa Kaunti ya Kajiado iliongezeka kutoka 687,312 mwaka 2009 hadi 1,117,840 mwaka 2019. Malisho yaliyokuwa ya jumuiya yamegawanywa viwanja, na ua na nyumba za ghorofa zimekata njia za mifugo na za wanyamapori wa mbuga ya Nairobi. Hapa ni nani ana nafasi na nani hana ni jambo la kila siku. Hoja ya makala haya ni kwamba nafasi ndiyo kiini cha sikukuu zote mbili, na kwamba kitabu kinachoificha hakifai, hata kama kila ukurasa wake unalitaja jina la Mungu.

2.0 Picha kama Tafsiri

Perry Nodelman, katika Words About Pictures (1988), ameonyesha kwamba picha na maneno huwekeana mipaka: kila kimoja husema ambacho kingine hakiwezi kukisema. Katika hadithi ya Krismasi mzigo wa picha ni mkubwa, kwa sababu Luka ni mchache wa maelezo. Hataji banda, hataji punda, wala hamtaji mwenye nyumba anayewafungia wageni mlango. Ng'ombe na punda waliingia katika sanaa ya Kikristo kwa kusoma Isaya 1:3 sambamba na Luka. Kinachotajwa na Luka ni hori na ukosefu wa nafasi. Mengine yote ni kazi ya msawiri.

Wasawiri wa Ulaya walilijaza pengo hilo kwa walichokijua: banda la mbao, majira ya baridi, theluji. Hawana kosa kwa hilo. Tatizo huzuka pale ujazo huo unapochukuliwa kuwa ndio Injili yenyewe. Mtoto wa Loitokitok huiona theluji kileleni mwa Kilimanjaro, na katika mazingira yake mlima huo humaanisha maji, kwani chemchemi za Amboseli hulishwa na maji yanayopita chini ya ardhi kutoka huko. Desemba kwake ni mwezi wa kujua kama mvua za vuli zimenyesha au zimekosekana. Kitabu kinachomwambia kwamba usiku mtakatifu ni usiku wa theluji humfundisha pia, pasipo kusema, kwamba utakatifu hutokea kwingine.

Rudine Sims Bishop alipendekeza mwaka 1990 kwamba vitabu viwe kwa mtoto vioo, madirisha na milango. Sitiari hiyo inafaa, lakini katika mazingira haya haitoshi. Kioo humwonyesha mtoto sura yake. Hakimwonyeshi nani amebaki nje ya nyumba.

3.0 Hori na Nyumba

Neno hori lenyewe linadai msawiri makini. Katika Kiswahili lina maana ya chombo cha kulishia wanyama, ya mtumbwi mdogo, na pia ya mkono wa bahari unaoingia nchi kavu. Mtoto wa boma la Kimaasai, ambako ng'ombe huyafuata malisho, huenda asilione hori kamwe. Wa Kitengela huweza kuliona katika zizi la ng'ombe wa maziwa wanaokatiwa majani. Hali kadhalika, "nyumba ya wageni" ya Biblia ya Kiswahili ya 1952 humfanya mtoto wa mjini afikirie gesti iliyo kando ya barabara ya Namanga.

Kenneth Bailey, mtaalamu wa Agano Jipya aliyefundisha kwa miaka mingi Mashariki ya Kati, ametoa hoja kwamba neno la Kiyunani kataluma linalotumika hapa halina maana ya nyumba ya kulipia. Luka analitumia neno hilo tena kwa chumba cha karamu ya mwisho (22:11). Anapotaka kutaja nyumba ya kulipia, katika mfano wa Msamaria, anatumia neno jingine, pandokheion. Kwa mujibu wa Bailey, familia ilipokelewa katika nyumba ya kawaida. Chumba cha wageni kilikuwa kimejaa, na mtoto akalazwa upande wa wanyama, ambao usiku waliingizwa ndani.

Tafsiri hii ikikubaliwa, nyumba ya jadi ya Kimaasai, enkaji, inakuwa karibu na matini ya Luka kuliko banda la Ulaya, maana ndani yake hutengwa mahali pa ndama na wana-kondoo karibu na moto na kitanda. Wachungaji wakeshao nao hawahitaji kuelezwa. Simba wa mbuga ya Nairobi huvamia mazizi ya Kitengela. Richard Turere, mtoto wa eneo hilo aliyebuni taa za kumetameta ili kulinda ng'ombe wa baba yake, alilisimulia jambo hilo katika jukwaa la TED mwaka 2013. Kwa watoto wa aina yake, nuru inayozuka usiku kando ya mifugo ni habari yenye maana kabla ya kufafanuliwa na mwalimu.

Hata hivyo haifuati kwamba kumvika Mariamu shuka nyekundu kunatosha. Shuka inaweza kuwa pambo la kadi ya watalii. Watoto wengi wa Kitengela ni wa familia za Kikuyu, Kikamba, Kiluo, Kiluhya na nyinginezo, wanaoishi katika nyumba za kupanga. Kwao boma lililochorwa kwa ajili ya wageni linaweza kuwa geni sawa na theluji. Mfano wa kujifunza ni picha za Jesus Mafa, zilizotokana na jamii ya Wamafa wa kaskazini mwa Kameruni katika miaka ya 1970. Wanakijiji waliigiza matukio ya Injili, wakapigwa picha, kisha msanii wa Kifaransa akachora kutokana na picha hizo. Kijiji cha wakulima wa Mafa si Kajiado, na haifai kukichukua kama "Afrika" kwa ujumla. Linalofaa kuigwa ni utaratibu wake: jamii iliamua kwanza mahali pa kila mhusika, ndipo kalamu ya msanii ikafuata.

Kwa upande mwingine, The Nativity ya Julie Vivas wa Australia (1986) haina chochote cha Kiafrika, lakini Mariamu wake ni mjamzito mwenye uzito halisi, na malaika wake wana mabawa yaliyochakaa na viatu vizito. Kitabu hiki cha kigeni kinauhifadhi uchovu na ufukara wa hadithi kuliko vitabu ambavyo vimebadilisha rangi ya nyuso na kubakiza usafi wa kadi za posta.

4.0 Shukrani ni ya Nani?

Vitabu vya shukrani vinaleta tatizo kubwa zaidi. Kenya haina sikukuu ya kitaifa ya Shukrani mfano wa ile ya Marekani. Kuna Jumapili za mavuno, sadaka na ibada za shukrani za familia. Vitabu vya picha vya Kimarekani juu ya sikukuu hiyo hurejelea karamu ya Plymouth ya mwaka 1621, ambapo walowezi walikula pamoja na Wawampanoag. Aghalabu hufungwa kwa meza iliyojaa. Kilichofuata, yaani kupokonywa ardhi kwa wenyeji, hakichorwi, ingawa tangu 1970 wazawa wa wenyeji hao huiadhimisha siku hiyo huko Plymouth kama siku ya maombolezo.

Kitabu cha namna hiyo kikisomwa Kajiado hakisomwi mahali patupu. Kwa mikataba ya 1904 na 1911 Wamaasai waliondolewa Bonde la Ufa na Laikipia wakasukumwa katika hifadhi ya kusini, ambayo Kajiado ni sehemu yake. Kesi waliyoifungua mwaka 1913 kupinga jambo hilo ilitupwa. Mtoto anayefundishwa kumshukuru Mungu pamoja na walowezi kwa ardhi mpya anafundishwa, pasipo kujua, kusimama upande wa waliowahamisha wazee wake.

Pili, vitabu hivi hushukuru kwa shibe. Kati ya 2020 na 2022 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo, na Kajiado ikawa miongoni mwa kaunti zilizopoteza mifugo mingi. Kama shukrani ni jibu la ghala lililojaa, mtoto wa mfugaji aliyefilisika atahitimisha kwamba Mungu amewapita. Biblia yenyewe haikubali hitimisho hilo. Wimbo wa mwisho wa Habakuki hutaja zizi lisilo na ng'ombe, na bado ni wimbo wa furaha. Ni ajabu kwamba wasawiri wa vitabu vya shukrani hulipita zizi hilo tupu na kukimbilia maboga.

Bringing the Rain to Kapiti Plain ya Verna Aardema (1981), iliyochorwa na Beatriz Vidal, si kitabu cha dini. Chimbuko lake ni masimulizi ya Kinandi yaliyokusanywa na Hollis katika The Nandi (1909), na jina lake ni la nyanda ambazo Kitengela imo. Ki-pat, mchungaji, hulichoma wingu kwa mshale, na nyasi zilizokauka hugeuka kijani. Mwalimu wa dini anaweza kuuliza: je, mvua huletwa na mshale? Katika Kimaa, neno Enkai humaanisha Mungu, na pia mbingu na mvua. Kitabu kisichomtaja Mungu kinaweza hivyo kumfikisha mtoto kwenye mlango wa shukrani kabla ya kitabu kinachomtaja katika kila ukurasa.

5.0 Hitimisho

Kutokana na mjadala huu yanapendekezwa maswali matatu ya uteuzi. Je, picha imetofautisha kilichoandikwa na kilichoongezwa? Je, imeonyesha nani alikosa nafasi, au imemficha nyuma ya mapambo? Je, shukrani inayosimuliwa inaweza kusemwa na mtoto ambaye zizi la nyumbani kwao ni tupu, na juu ya ardhi ya nani?

Vitabu vitakavyoyajibu yote vizuri ni vichache, na si lazima viwe vya Kiafrika. Lililo la lazima ni kuanza kuvitunga hapa. Biblia nzima ya Kimaa imekuwapo tangu 1991. Kiswahili kinawaunganisha watoto wa boma na wa nyumba za kupanga. Makanisa ya Kitengela na Kajiado huigiza Krismasi kila Desemba, watoto wakiwa wachungaji, malaika na mamajusi. Mchoraji mmoja akiketi miongoni mwao na daftari lake, akachora mahali ambapo watoto hao wenyewe wameliweka hori, kitabu cha kwanza kitakuwa kimeanza.