Vificho vilivyokufa kwenye GPS: namna kifaa kimoja kilivyosafishwa Mbugangari

Kifaa cha GPS cha mkononi kikikufikisha mahali pasipo na kitu, lawama huangukia satelaiti. Katika mchezo wa jiokeshi lawama hiyo kwa kawaida si ya haki. Chini ya anga la wazi, kifaa kizima hukosea kwa mita chache tu. Tatizo kubwa liko ndani ya kumbukumbu yake, ambako orodha za zamani zimerundikana na mpya na hakuna anayejua ipi ni ipi. Hoja yangu ni kwamba kuhuisha data ya vificho ni kazi ya kuondoa kwanza, kisha kuongeza. Anayeongeza tu huongeza pia mkanganyiko.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: mtu huficha kopo lenye daftari dogo, akatangaza latitudo na longitudo zake. Wengine hulitafuta, hutia saini daftarini, kisha hulirudisha palepale. Hadi mwanzoni mwa Mei 2000, Marekani ilikuwa ikipotosha kwa makusudi mawimbi ya GPS yanayotumiwa na raia, na kosa liliweza kufika mita 100. Upotoshaji ulizimwa tarehe 2 Mei. Kesho yake Dave Ulmer alificha ndoo ya plastiki karibu na Beavercreek, Oregon, na mchezo ukaanza. Septemba mwaka huohuo Jeremy Irish alifungua Geocaching.com, ambayo hadi leo ndiyo hazina kuu ya data hizi.

Mbugangari ni mahali pazuri pa kupimia jambo hili. Ni mtaa wa sekta ya Gisenyi, wilaya ya Rubavu, jirani na Petite Barrière, mpaka unaovukwa na umati wa watu kwa miguu kati ya Rwanda na mji wa Goma, Kongo. Gisenyi ndipo inapoanzia Congo Nile Trail, njia ya kilomita 227 inayofuata Ziwa Kivu kuelekea Rusizi, na waendesha baiskeli wengi hufika hapa na GPS kwenye usukani. Vificho vya ukanda huu ni vichache. Penye vificho vingi, kimoja kilichokufa hakimsumbui mtu sana, kwani kingine kiko ng'ambo ya barabara. Hapa kimoja kilichokufa kinaweza kuwa safari nzima ya asubuhi.

Kifaa na malalamiko yake

Kifaa nilichokichunguza ni Garmin eTrex 20, toleo lililoingia sokoni 2011. Ni cha kijana anayeongoza watalii wa baiskeli kutoka Mbugangari. Hutumia betri mbili za kawaida, hakihitaji mtandao, na kikianguka kwenye mawe hakivunjiki ovyo. Malalamiko yake yalikuwa mafupi: "Mzee, mashine inaonyesha vitu vingi, ila tukifika wageni wanabaki kuniangalia."

Dalili ya kwanza ilionekana kwenye ramani kabla ya kutoka nje. Karibu na ufuo palikuwa na alama mbili za vificho vya kawaida, zimekaribiana hadi zinapandana. Kanuni za Geocaching.com zinataka makopo mawili yawe angalau mita 161 mbali. Ukiziona alama mbili za aina hiyo zimeshikana hivyo, shuku kwamba kimojawapo kilishafungwa na nafasi yake kuchukuliwa na kingine. Kificho cha fumbo ni habari nyingine, kwa sababu alama yake kwenye ramani si lazima ionyeshe mahali kopo lilipo. Hivi viwili havikuwa vya fumbo.

Tulipounganisha kifaa na kompyuta kwa kebo ya USB, sababu ilijitokeza. Ndani ya folda ya Garmin kuna folda ndogo iitwayo GPX, na humo mlikuwa na mafaili ya vipindi mbalimbali, kila moja likiwa na namba ndefu badala ya jina. Kadi ya microSD nayo ilikuwa na folda ya GPX yenye mafaili yake. Kifaa husoma kote kuwili na kuunganisha kila kinachokuta. Hakiulizi faili lipi ni la mwaka huu.

Kwa nini kificho kilichokufa hakiondoki chenyewe

Huu ndio moyo wa jambo, na wengi huupita.

Njia ya kawaida ya kupata data kwa wingi ni huduma iitwayo Pocket Query, inayotolewa kwa wanachama wanaolipia. Unaweka kitovu na masharti, kisha unapewa faili la zip lenye vificho visivyozidi 1000. Kila kificho ndani ya faili kina viwianishi, maelezo, kiwango cha ugumu, kidokezo, na kumbukumbu tano za mwisho za waliofika. Kina pia alama mbili za hali: kama kinapatikana kwa sasa, na kama kimefungwa moja kwa moja.

Ungetarajia kwamba kificho kikifungwa, faili jipya litakuja na alama ya kufungwa, na kifaa kitakifuta. Haiwi hivyo. Kilichosimamishwa kwa muda huendelea kuja kwenye Pocket Query kikiwa na alama yake. Kilichofungwa moja kwa moja hakiletwi kabisa. Faili jipya hunyamaza tu juu yake, na kwa kuwa faili la zamani bado limo kwenye kifaa likitangaza kwamba kinapatikana, kifaa huamini faili lililosema.

Maana yake ni kwamba habari ya kifo cha kificho imo katika kutokuwepo kwake, na kutokuwepo huonekana pale tu orodha mbili zinapolinganishwa. Mwenye kompyuta ya Windows na data nyingi hutumia GSAK, programu iliyoandikwa na Clyde England wa Australia. Hiyo huandika kwa kila kificho tarehe ya mwisho kilipoonekana ndani ya faili. Ukishaingiza data mpya, unachuja vile ambavyo havikuguswa, unavikagua kimoja kimoja, unavitoa. Kwa Rubavu, penye vificho vichache, njia fupi zaidi ni kuondoa orodha nzima na kuweka nyingine. Muuza nyanya wa soko la Mbugangari hamwagi nyanya mpya juu ya zilizooza. Husafisha beseni kwanza.

Kilichofanyika, hatua kwa hatua

Hatua ya kwanza ilikuwa kunakili folda yote ya Garmin kwenye kompyuta kabla ya kufuta chochote. Hili si jambo la hiari. Folda hiyohiyo ya GPX yenye vificho ndiyo huhifadhi pointi alizozipiga mwenye kifaa mwenyewe, katika mafaili ambayo majina yake huanza na neno Waypoints na kufuatiwa na tarehe. Kwa kijana huyu humo ndimo mlimokuwa na mabomba ya maji, nyumba za kulala wageni na mahali pa kukarabatia baiskeli njiani kwenda Karongi. Anayefuta folda nzima kwa pupa hufuta kazi yake ya miaka.

Hatua ya pili ilikuwa kulitenga faili la geocache_visits.txt. Kila mara unapobonyeza kwamba kificho kimepatikana, kifaa huongeza humo mstari mmoja wenye namba ya kificho, tarehe, saa, matokeo na maneno uliyoandika. Saa hiyo hufuata UTC, wakati Rwanda iko mbele kwa saa 2. Kificho kilichopatikana Gisenyi saa nane na dakika ishirini mchana kitaandikwa 12:20. Tofauti hiyo haina neno mchana, lakini cha saa saba usiku kitaandikwa tarehe ya jana. Mistari hii ipelekwe kwenye akaunti kwanza, ndipo faili liguswe.

Hatua ya tatu ilikuwa kufuta mafaili yote yenye namba, kwenye kifaa na kwenye kadi. Hapa kuna mtego. Zip ya Pocket Query inaweza kuwa na mafaili mawili: moja la vificho, na la pili lenye namba ileile likimalizikia na herufi wpts. Hilo la pili lina pointi za msaada, kama vile pa kuegesha gari au pa kuanzia njia. Wengi hufuta la kwanza na kuliacha la pili, kisha hushangaa kuona maegesho ya kificho kisichokuwepo. Mwenye kompyuta ya Mac amwage pia kapu la takataka kabla ya kuchomoa kebo, la sivyo mafaili hubaki kwenye kifaa yakiwa yamefichwa na kula nafasi.

Hatua ya nne ilikuwa kuagiza data mpya, na hapa jiografia ya Mbugangari iliingia kazini. Ukiweka kitovu karibu na S 01° 41′, E 29° 15′ na kuomba vificho vyote ndani ya kilomita 20, duara lako litaingia Goma. Kifaa kitakuambia kificho kiko umbali wa kutembea, kwa sababu kinapima mstari ulionyooka na hakijui habari za pasi, vibali vya kuvukia wala saa za kufunga mpaka. Tuliagiza kwa nchi, Rwanda peke yake. Ya Kongo ingefaa iwe katika faili lake, liingizwe siku mtu anapovuka kweli.

Hatua ya tano ilikuwa jina. Kila faili lilipewa jina la eneo na mwezi lilipopakuliwa, badala ya ile namba ndefu. Kifaa hakijali jina, lakini binadamu atakayeifungua folda baada ya miezi sita atalijali sana.

Hatua ya mwisho ilikuwa uhakiki. Idadi ya vificho kwenye kifaa ilinganishwe na idadi iliyotajwa na Pocket Query. Ikizidi, kuna faili la zamani limesalia mahali. Kisha mipangilio: mfumo wa marejeo uwe WGS 84, na viwianishi visomeke kwa digrii na dakika zenye desimali tatu, ambapo tarakimu ya mwisho ni kama mita 1.8 ardhini. Mtu aliyewahi kutumia ramani za zamani za Afrika Mashariki huenda aliacha kifaa kwenye Arc 1960, na hapo pointi anazoandika kwa mkono huhama takribani mita 300. Herufi ya kizio ni hatari zaidi. Ukiandika N badala ya S kwa pointi ya Mbugangari, umejituma kilomita kama 375 kaskazini, ndani ya msitu wa Ituri.

Pale ambapo data safi haitoshi

Baada ya usafi huo kifaa kilibaki na orodha fupi, na alama moja pale ufuoni. Lakini orodha safi husema tu kile ambacho wamiliki wa vificho wamekiri. Tarehe 22 Mei 2021 volkano ya Nyiragongo ililipuka, na siku zilizofuata matetemeko yaliangusha nyumba na kupasua barabara Goma na Rubavu. Kificho ambacho mmiliki wake yuko Ulaya kinaweza kuendelea kuonyeshwa kwamba kinapatikana hata kama ukuta kilikowekwa haupo tena. Dawa ni kusoma zile kumbukumbu tano za mwisho. Ikiwa mtu wa mwisho kukipata alifika 2019, alama ya kupatikana haina uzito. Ikiwa watatu mfululizo wameandika kwamba hawakukiona, mwongozaji asiwapeleke wageni huko.

Kuna pia suala la usalama ambalo faili halilijui. Mwishoni mwa Januari 2025, vita vya kuiwania Goma vilirusha makombora hadi Rubavu na kuua raia. Katika mji wa namna hii, mtu anayepekua mawe karibu na mpaka akiwa na kifaa cha satelaiti mkononi atatiliwa shaka, na kwa haki. Kificho kilicho jirani na Petite Barrière kiachwe, hata kama data yake ni ya leo asubuhi.

Wapo watakaosema haya yote yamepitwa na wakati, kwa kuwa simu husasisha vificho yenyewe, na hata vifaa vya Garmin, tangu toleo la Oregon 700 la 2016, vinapokea data kupitia simu. Ni kweli, na mwenye uwezo azitumie. Lakini Mbugangari simu hudaka mtandao wa ng'ambo bila kuulizwa na kukata salio, na kwenye vilima vya Congo Nile Trail kuna sehemu ambazo haidaki chochote. Kifaa kinachojitegemea bado kina kazi hapa, mradi anayekibeba akubali kwamba uangalizi wa data ni jukumu lake.

Ushauri wangu kwa waongozaji wa Rubavu ni kwamba orodha ibadilishwe yote kabla ya kila msafara, na nakala ya pointi zenu wenyewe iwekwe mahali salama kila mara. Tumieni utaratibu huohuo kwa mabomba ya maji na nyumba za wageni. Hizo nazo hufungwa bila kutangazwa, na hakuna tovuti itakayowaletea habari. Kila pointi iandikiwe tarehe ya mara ya mwisho mtu alipoiona kwa macho, na ile isiyo na tarehe ihesabiwe kuwa haijulikani hadi mtu aipitie tena.