Maoni ya Wasomaji wa Mara juu ya "Nagona" na "Mzingile"

Kwa muda mrefu tumewasikia waalimu wenzetu wa Musoma, Bunda na Butiama wakibishana juu ya vitabu viwili vidogo vya marehemu Euphrase Kezilahabi, yaani Nagona, kilichotolewa mwaka 1990, na Mzingile, kilichokifuata mwaka 1991. Wengine huvisifu mno, na wengine huvirudisha kabatini kabla ya kufika nusu. Nasi zamani tulikuwa pamoja na hawa wa pili, hata tukamshauri mwalimu mmoja kijana asiwape wanafunzi wake vitabu hivyo, maana vitawachanganya akili. Leo twataka kuyapima maoni ya pande zote, na kukiri mahali tulipokosea.

Mwandishi huyu si mgeni kwetu. Alizaliwa mwaka 1944 katika kijiji cha Namagondo, Ukerewe, na mtu atokaye Bunda akishika njia ya Kisorya na kuvuka kwa kivuko hufika kisiwani kwao. Alifariki Dar es Salaam mwezi wa Januari mwaka 2020. Kitabu chake cha kwanza, Rosa Mistika, cha mwaka 1971, kilipigwa marufuku mashuleni, na baadaye kikaruhusiwa, hata kikawa kitabu cha kufundishia. Basi kuogopwa kwanza na kusomwa baadaye si jambo jipya kwa kazi zake.

Kwa wale ambao hawajavisoma, twaeleza kwa ufupi. Katika Nagona mtu asiyetajwa jina anasafiri katika nchi ya ajabu, anafika mahali penye ukimya mwingi, anakutana na wenye hekima wa Ulaya waliokufa zamani, na mbele yake yuko paa ambaye watu wanamtafuta wasimpate. Katika Mzingile msimulizi anatumwa kupeleka habari za msiba: mwana amekufa, na baba yake, mzee akaaye peke yake mbali na watu, hana budi kuambiwa. Msomaji hutazamia kilio cha baba aliyefiwa, walakini hakioni. Kisha hutazamia kwamba mjumbe atarudi kwao kupumzika, na kumbe dunia aliyoiacha nyuma yake imeteketezwa kwa silaha za wanadamu wenyewe. Jina la kitabu lenyewe lilikwisha tuonya, maana mzingile ni njia za kuzungukazunguka ambazo aingiaye hajui pa kutokea.

Sasa tuyasikilize maoni. Mwalimu mmoja mzee wa Musoma alituambia hivi: "Hadithi isiyokuwa na kijiji, wala jina la mtu, wala mwaka, nitaifundishaje? Mtoto akiniuliza mambo haya yalitokea wapi, nimjibu nini?" Lawama hii si ndogo. Hata wataalamu wamesita juu ya jambo hili. Mikhail Gromov, msomi wa Kirusi, aliandika makala mwaka 1998 akiuliza kama vitabu hivi ni riwaya, au hadithi, au fumbo. Ikiwa msomi mwenye kazi hiyo auliza, basi mwalimu wa darasani asionewe haya kwa kuuliza.

Mwalimu wa pili, bibi afundishaye Bunda, alimpinga. Alisema kwamba wanafunzi wake waliwahi kuelewa kuliko yeye, kwa sababu wamekwisha zoea ngano za bibi zao, ambamo sungura husema na mtu humezwa na zimwi akatoka mzima. Hawakuuliza ilikuwa mwaka gani. Waliuliza swali moja tu: "Mwalimu, huyu mjumbe alipokuwa njiani, nani alibaki kulinda nyumbani?" Twakiri kwamba swali hili lilitupiga, maana sisi tulikisoma kitabu chote bila kuliona.

Mtu wa tatu ni mzee wa Butiama, ambaye hakukisoma kitabu, bali alisomewa na mjukuu wake. Aliposikia habari za dunia kuteketea, alitikisa kichwa, akatuonyesha upande wa kichaka cha Muhunda, ambacho Wazanaki wamekiheshimu tangu zamani. Akasema: "Miti ile imesimama kwa sababu watu waliogopa kuikata. Je, kitabu chenu kinamfundisha mtu kuogopa nini?" Hatukuwa na jibu siku ile.

Basi haya ndiyo maoni yetu wenyewe. Kwanza, twaona kosa moja la kweli katika Mzingile. Uharibifu wake ni wa ghafula, nao hutoka katika silaha kubwa za mataifa. Lakini sisi tukaao kando ya Ziwa Viktoria tumeuona uharibifu wa namna nyingine, uendao polepole, tena ulioanza kwa nia njema. Sangara alitiwa ziwani katika miaka ya 1950 ili watu wapate samaki wengi. Hata ilipofika miaka ya 1980 alikuwa ameenea kote, naye akawala furu. Wataalamu walihesabu aina za furu zaidi ya 500 katika ziwa hili, nao wakadiria kwamba aina karibu 200 zimepotea. Wala hatuwezi kumlaani sangara bila kusema kweli yote, kwa kuwa alileta kazi, na viwanda vya minofu vikajengwa Musoma, na watoto wengi wakalipiwa karo. Tena karibu na mwaka 1990, wakati ule ule vitabu hivi vilipotolewa, magugu maji yalionekana katika ziwa, yakafunga njia za mitumbwi, hata wakaletwa wadudu wadogo wa kuyala. Hapakuwa na bomu hata moja katika mambo haya yote. Mtoto wa Ukerewe angaliweza kutuandikia msiba wa namna hii, na twasikitika kwamba katika vitabu hivi nyika, mto na paa ni ishara zaidi kuliko viumbe. Paa yule hali majani.

Pili, kosa hili lina dawa, na dawa yenyewe imetoka kisiwa kile kile. Mzee Aniceti Kitereza alimaliza mwaka 1945 kuandika kwa Kikerewe habari za Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, akazitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na kitabu kikatoka na mwaka 1980 juu yake. Naye akafariki mwaka 1981. Humo miti ina majina na dawa zake, migomba ina kazi zake, na pombe ya ndizi hupikwa hatua kwa hatua. Sisi twashauri kwamba mwanafunzi aanze na Kitereza, apate kujua kilichokuwako, ndipo apewe Kezilahabi, ajue maana ya kukikosa. Akianza na Mzingile peke yake ataona majivu tu, wala hatajua ni majivu ya kitu gani.

Tatu, juu ya wale wasemao kwamba kitabu kinakata tamaa, twasema hawakufika mwisho. Baada ya majivu mwandishi anaonyesha dalili ya kuanza tena. Ni dalili ndogo, nasi tulipokisoma mara ya kwanza tuliipita kwa haraka kwa kuwa tulikwisha kasirika.

Sasa tumrudie mzee wa Butiama. Twadhani kitabu hiki chatufundisha kuogopa jambo moja: kushughulika na safari ndefu ya mlimani, kutafuta neno la mkubwa, na kumbe nyumbani hapana mlinzi. Ndilo swali walilouliza wanafunzi wa Bunda. Nasi waalimu hutazama mbali, tukangoja amri na msaada, na huku mafunjo ya Mto Mara karibu na Kirumi yanachomwa, na nyavu za matundu madogo zinavuta samaki wachanga.

Kwa hiyo twaliondoa shauri letu la zamani. Yule mwalimu kijana tulimnyima haki yake, na twamwomba radhi mbele ya wasomaji. Na avifundishe vitabu hivi, ila asiwaeleze wanafunzi maana yake kabla hawajauliza wenyewe. Wenzetu wenye maoni mengine na watuandikie, hasa wale waliokisoma Mzingile mpaka ukurasa wa mwisho.