Lalamiko na Subira: Ayubu wa Biblia, Ayubu wa Utendi na Dhiki ya Garissa

Swali la kwa nini mcha Mungu hupatwa na mateso si geni katika fasihi ya Kiswahili. Watunzi wa tenzi na wafasiri wa Biblia wamelishughulikia kwa muda mrefu, na pande zote mbili zimemtwika mhusika mmoja, Ayubu. Makala haya yanamchunguza mhusika huyo katika Kitabu cha Ayubu na katika Utendi wa Ayubu, kwa kuzingatia hadhira ambayo kwayo swali hilo si la nadharia tu, yaani Wakristo wa Garissa na Kaskazini Mashariki ya Kenya. Hoja ya msingi ni kwamba ushuhuda wa imani uliozoeleka makanisani humchukua Ayubu nusu, na kwamba matini hizi mbili zikisomwa pamoja humrudishia ukamilifu wake.

Hadhira hiyo ni ya watu wachache, wengi wao wakiwa walimu, wauguzi, askari, vibarua na wanafunzi waliotoka sehemu nyingine za nchi. Tarehe 1 Julai 2012 makanisa mawili ya mji wa Garissa yalishambuliwa Jumapili asubuhi. Tarehe 22 Novemba 2014 abiria 28 wa basi waliuawa karibu na Mandera, na siku kumi baadaye wakauawa wachimba mawe 36. Kisha alfajiri ya tarehe 2 Aprili 2015, siku ya Alhamisi Kuu, Al-Shabaab waliingia katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Garissa. Waliokufa walikuwa 148, na 142 kati yao ni wanafunzi. Miongoni mwa waliovamiwa mwanzo ni wanafunzi Wakristo waliokuwa wameamka mapema ili kusali.

Ukweli huo wa mwisho unautia utanzu wa ushuhuda katika mtihani mgumu. Msuko wa ushuhuda unajulikana: hatari, maombi, wokovu, shukrani. Ni msuko unaohitaji aliyenusurika ili usimulike. Shukrani ya mtu aliyetoka hai chini ya kitanda ni ya haki, wala mhakiki hana ruhusa ya kuibeza. Tatizo huanza pale mhubiri anapoigeuza shukrani hiyo kuwa kanuni. Ikiwa nusura ndiyo dalili ya maombi yaliyosikika, mzazi wa binti aliyeuawa akiwa katika maombi ataambiwa nini? Kanuni ya namna hiyo haimtetei Mungu; inamhukumu marehemu.

Kitabu cha Ayubu kiliitambua hatari hii zamani. Kifani, kitabu kimegawanyika: masimulizi ya nathari mwanzoni na mwishoni, na ushairi mrefu katikati. Mahubiri mengi ya msibani huchota kwenye nathari, ambamo Ayubu ananyenyekea na baadaye kurudishiwa mali maradufu. Ushairi wa katikati, unaoanza kwa Ayubu kuilaani siku aliyozaliwa, hurukwa. Hata hivyo ndimo msingi wa kitabu ulimo. Elifazi, Bildadi na Sofari walipokaa naye siku saba bila kunena walifanya vyema; walikosea walipofungua vinywa ili kueleza. Tena kuna tofauti ya nafsi inayopaswa kuzingatiwa. Marafiki humzungumzia Mungu katika nafsi ya tatu tu. Ayubu humgeukia na kumwambia wewe. Ndiyo maana katika sura ya 42 Mungu anasema kwamba marafiki hawakunena yaliyo sawa kama Ayubu. Lalamiko basi si kinyume cha imani, kwani hakuna amlalamikiaye yule anayeamini kwamba hasikii.

Huenda ikadaiwa kwamba lalamiko humtonesha mfiwa kidonda. Lakini Zaburi ya 88 inakwisha gizani bila faraja yoyote, na bado imehifadhiwa kama sala. Kinachomtonesha mfiwa zaidi ni faraja inayomnyima haki ya kuuliza.

Utendi wa Ayubu, uliochapishwa na Alice Werner mapema katika miaka ya 1920 na kuingizwa katika mkusanyo wa Allen wa 1971, unamsawiri Ayubu kwa namna nyingine. Huyu ni nabii wa subira. Kilio chake ni haba. Ila katika mapokeo ya Kiislamu ambamo utendi huo umechota, yupo mhusika ambaye Biblia ilimpa neno moja la uchungu na kumwacha: mke wa Ayubu. Hapa mke anabaki. Watu wanapomkimbia mgonjwa, yeye anamuuguza na kwenda kutumika kwa watu ili apate chakula. Kwa ufupi, Biblia inampa Ayubu lalamiko; utendi unampa mwenzi.

Umuhimu wa mwenzi huyo unaonekana katika Watu Wote, filamu fupi ya Katja Benrath ya mwaka 2017. Chimbuko lake ni tukio la tarehe 21 Desemba 2015, ambapo abiria Waislamu wa basi la Mandera walikataa kutenganishwa na Wakristo, na mwalimu Salah Farah akapigwa risasi, akafariki Januari 2016. Mhusika mkuu, Jua, ni Mkristo aliyefiwa na mume na mtoto kwa mkono wa magaidi, naye anasafiri akiwa na chuki kwa majirani zake wa kiti. Uhai wake unahifadhiwa na hijabu anayopewa na mmoja wao. Filamu haimwelezi kwa nini mume na mtoto wake hawakuhifadhiwa vivyo hivyo, na katika kunyamaza huko ina busara kuliko marafiki wa Ayubu.

Chuo kilifunguliwa tena Januari 2016 na kikawa chuo kikuu kamili mwaka 2017. Wakristo wamerudi kusoma na kusali humo. Fasihi itakayowafaa si ile inayowaahidi kwamba anayeomba hafi. Ni ile inayomruhusu anayeomba kuuliza, na inayomkumbuka jirani aliyekaa naye kabla jibu halijafika. Maneno subira, imani, dhiki na rehema yamo katika Biblia na katika utendi vilevile. Wenye kuyatumia huko Garissa ni majirani.