Tiba au Malezi? Sanaa na Vijana wa Mila Mbili

Siku hizi latumika neno "tiba ya sanaa" kwa kazi ya kuwasaidia vijana waliolelewa katika mila mbili ili wajitambue. Kazi yenyewe ni njema, lakini jina lake lataka kuchunguzwa, kwa kuwa jina halikosi kuvuta maana nyuma yake.

Asili yake ni wodi ya wagonjwa. Mchoraji Mwingereza Adrian Hill alilitunga mwaka 1942, baada ya kuugua kifua kikuu na kuona jinsi uchoraji ulivyomsaidia kupata nafuu. Hapo neno lilikuwa mahali pake, maana mgonjwa alikuwapo. Likihamishiwa Kibamba, mgonjwa haonekani. Kibamba iko kando ya barabara ya Morogoro, katika Wilaya ya Ubungo iliyomegwa kutoka Kinondoni. Kwa asili ni nchi ya Wazaramo, na sasa wamehamia humo watu wa mikoa mingi. Kijana wa huko aweza kuwa na bibi Mzaramo na babu Mchaga, akasema Kiswahili mtaani na kufundishwa kwa Kiingereza katika sekondari. Ana mengi ya kupatanisha, lakini wingi si maradhi. Kumwita mgonjwa ni kumzoeza kuutazama urithi wake kama kidonda.

Kiswahili kina msamiati ufaao zaidi: malezi, kufunda, mwali, kungwi, somo. Somo ni fundisho. Ni mtu mwenye jina moja nawe. Tena ni mwanamke amfundaye mwali. Elimu, urafiki na jina vimekaa katika neno moja. Kwa Wazaramo, mwali alifundwa ndani kwa nyimbo na mafumbo, akapewa mwana hiti, sanamu ya mti yenye kichwa na kiwiliwili bila mikono, aitunze kama mtoto. Hiyo ni sanaa ya kumjenga mtu, na hakuna aliyemhesabu mwali kuwa mgonjwa. Hata hivyo unyago usisifiwe kupita kiasi. Ulijibu swali "wewe ni nani?" kabla mwali hajaliuliza, na jibu lilikuwa moja tu. Mwenye mila mbili hatoshwi na jibu la upande mmoja.

Mradi wa Tuseme, ulioanzishwa mwaka 1996 na walimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwamo Penina Mlama na Amandina Lihamba, ulichukua njia nyingine. Wasichana wa sekondari walichambua wenyewe matatizo yao, wakayaigiza, wakayajadili, kisha wakatafuta la kutenda. Jina lake halina harufu ya dawa; si amri wala ombi, bali ni mwaliko wa watu kwa wenzao. Udhaifu wake umo katika kiambishi kile kile kinacholipa nguvu. Sarufi ya Kiswahili haitengi "sisi pamoja nawe" na "sisi bila wewe". "Tu-" hubeba yote mawili. Katika Tuseme, "sisi" ni wasichana wenye shida moja ya shule na jamii. Swali la mwenye "sisi" mbili nyumbani kwake halikuwa shabaha ya mradi, wala haifai kudai kwamba limekwisha jibiwa humo.

Basi anayetaka kuitumia njia hiyo Kibamba hana budi kuongeza jambo moja: kijana aruhusiwe kuigiza kwa lugha zake zote, bibi aseme Kizaramo jukwaani, na mjukuu amjibu kwa Kiswahili. Umbali ulio baina yao utasikika, na kinachosikika chaweza kujadiliwa. Kazi hiyo iitwe malezi kwa sanaa. Yuko kijana aliyeumia kweli, kwa kupigwa au kwa kufiwa, naye ana haki ya kupata mtabibu aliyesomea kazi yake. Neno tiba liwekwe kwa ajili yake, lisije likachakaa kwa kugawiwa wazima.