Koili Inayodanganya Ikiwa Baridi

Injini ya boti ya zamani ina tabia moja inayowatesa mafundi. Asubuhi huwaka kwa kamba ya kwanza, hukimbia kwa muda, kisha huzima katikati ya maji. Ikiachwa ipoe, huwaka tena kana kwamba haikuwa na neno. Kwenye Ziwa Jipe, mpakani mwa Taita Taveta na Tanzania, tabia hiyo hupata pa kujionyesha: ziwa halina kina kirefu, na matete yamesonga kingo zake. Majani yakiziba tundu la maji ya kupozea, kichwa cha injini huchemka, na koili, inayozalisha umeme wa cheche, iko papo hapo juu yake, chini ya gurudumu la magneto.

Lawama ya kwanza huiangukia kabureta, ya pili plagi. Koili hukumbukwa mwisho, na hata ikikumbukwa hupimwa vibaya.

Kipimo kinachojulikana katika kila banda la jua kali, Voi au kwingineko, ni kuchomoa plagi, kuilaza juu ya chuma cha injini, kuvuta kamba na kutazama cheche. Cheche ikionekana, koili inahesabiwa nzima. Tatizo ni kwamba pengo la plagi halifiki hata milimita moja, na katika hewa ya wazi koili dhaifu hulivuka bila shida. Ndani ya silinda hewa imeshindiliwa, na pengo lile lile hudai volti nyingi zaidi. Mita ya ukinzani nayo haitoshi. Inatumia betri ndogo tu. Itaonyesha waya uliokatika, lakini ufa unaovujisha umeme kwenye maelfu ya volti itaupita kimya. Ufa huo ndio ugonjwa maarufu wa koili za injini za boti za Johnson na Evinrude za miaka ya 1950 na 1960, ambazo ganda lake la plastiki hupasuka kwa umri na joto.

Ndiyo maana vipima koili vya zamani, kama vile Merc-O-Tronic vilivyotengenezwa Almont, Michigan, bado vina thamani. Mashine hizi hufanya kazi ya pointi, yaani swichi ndogo ya ndani ya magneto: hupitisha umeme kwenye waya mnene wa koili na kuukata tena na tena, ili waya mwembamba utupe cheche kwenye pengo la milimita 5. Fundi huzungusha kitufe polepole kuanzia chini. Cheche zinapoanza kuruka mfululizo bila kukosa, husoma idadi ya ampea na kuilinganisha na kitabu cha koili hiyo. Koili inayodai ampea nyingi kuliko kitabu kinavyosema imechoka, hata kama cheche yake inapendeza macho. Chuma cha katikati lazima kiwe mahali pake, kwa kuwa namba za kitabu zimepimwa nacho.

Kisha ncha ya kupimia uvujaji hupitishwa juu ya ganda lote, banda likiwa na kiza kidogo. Penye ufa, cheche hurukia ncha. Jaribio hili ni la sekunde chache tu, maana koili huchemka upesi, na petroli isiwe karibu. Mashine hiyo hiyo hupima kondensa. Kwa Johnson na Evinrude za wakati ule kipimo ni kati ya maikrofaradi 0.18 na 0.22.

Lakini kipima chenyewe kina umri wa babu. Kile cha kuchomekwa ukutani kilitengenezewa umeme wa Marekani wa volti 120. Kikichomekwa kwenye volti 240 za Kenya bila transfoma ya kushushia, kimekwisha. Kondensa za ndani hukauka, mpira wa nyaya hubomoka, vibanio hushika kutu, na ncha za pengo huungua zikawa nyeusi. Kwa hiyo kazi huanza na koili inayojulikana kuwa nzima. Ikidai ampea zaidi ya kitabu, mgonjwa ni mashine. Kuhukumu koili kwa kipima ambacho hakijapimwa ni kutupa vipuri ambavyo havipatikani tena kwa urahisi.

Kuna jambo jingine ambalo vitabu vya Michigan havimwambii fundi wa Voi. Mji uko kama mita 560 juu ya bahari, na mchana wa nyuzi 35 hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa asubuhi kwa karibu sehemu moja ya kumi. Wundanyi, juu milimani, ni nyepesi zaidi. Hewa nyepesi hupitisha cheche kwa urahisi, basi koili iliyo mpakani mwa uzima na ubovu inaweza kufaulu Voi na kushindwa Shimoni, pwani. Ukavu nao huficha ufa, hadi unyevu na chumvi ya pwani viingie ndani yake. Koili ya injini inayokwenda baharini inafaa ipimwe kwa ukali zaidi ya kitabu.

Kinachobaki ni joto, na hapa Voi ina neema. Koili iliyofaulu ikiwa baridi huanikwa juu ya bati la jua la saa saba, kisha hupimwa tena papo hapo. Ukinzani wa shaba hupanda takriban asilimia 4 kwa kila nyuzi 10, kwa hiyo sindano ikisogea kidogo si kosa. Cheche zikianza kukatika, au ampea zikipanda ghafla, yule mwizi wa katikati ya ziwa amepatikana. Koili ikivumilia, inarudi chini ya gurudumu, pointi zinawekwa pengo la milimita 0.5, na fundi anageukia tundu la maji na majani yaliyolisonga.